Kati ya Mia Sita na Elfu Moja

“Mume wangu yumo?” mama mkubwa aliniuliza alipoingia ofisini kwangu, kabla hata hajavuta kiti.

Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza makadirio ya ofisi yetu: moshi wa jalala la mji, lililoungua kiangazi kizima, uliua watu kati ya mia sita na elfu moja. Hesabu ile niliipiga mimi. Na baba mkubwa, mumewe, alifariki moshi ukiwa umetanda. Daktari aliandika kwamba ni moyo.

“Mia sita au elfu moja!” alisema mama mkubwa, akikaa. “Ungeniuzia kitambaa kwa kipimo hicho, tungegombana.”

Nilicheka, kisha nikamweleza. Moshi hauachi jeraha. Unamkuta mwenye pumu, mzee, mwenye moyo uliochoka, unamsukuma kidogo tu. Kwa hiyo tunachukua waliokufa msimu ule, tunatoa wale ambao wangekufa msimu kama huo mwaka wowote wa kawaida. Ziada ndiyo tunayoubebesha moshi.

“Basi mnajua wangapi, hamjui nani.”

“Ndivyo, mama.”

Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Chumba cha pili mtu alikuwa akiburuta meza.

“Jioni ile pumzi zilimpaa,” alisema. “Akaniambia, ‘Fungua dirisha, mke wangu, nipate hewa.’ Nikafungua. Moshi ukaingia kama mgeni aliyealikwa. Hata chakula hakijaiva, mwenzangu hayupo.”

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomleta. Neno moja lingetosha: hayumo, ulikuwa moyo tu. Lilinifika ncha ya ulimi. Lakini huyu ndiye aliyenilea, na alikuwa akinitazama vilevile alivyonitazama utotoni, kila nilipokaribia kumdanganya.

“Sijui, mama,” nilisema. “Na hakuna atakayejua.”

Nilitegemea machozi. Badala yake mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Afadhali wewe. Wengine wote wananiambia si dirisha, tena harakaharaka, kama wanaofukuza nzi.” Akajifunga mtandio vizuri. “Nilipolifungua alisema ahsante. Hilo nalijua.”

Nilimsindikiza mpaka getini. Mvua zilikuwa zimeshauzima moto wa jalala. Hewa ilikuwa safi, na hatukuizungumzia.