Mfereji Uliopita kwa Mkwe

Hera Devi, mke wa kaka yangu, hakuwa mtu wa kutulia hata kabla ya maji kukauka. Lakini tangu binti yake Rojina aolewe, alikuwa kama mtu aliyekanyaga siafu. Rojina hakuolewa mbali. Ukitoka mlangoni kwetu, ukapita hekalu la Ganesh na duka la taa za samli, umefika. Ila kwetu Patan, huku Nepal, mama haendi kwa wakwe kila anapojisikia. Lazima awe na sababu, na Hera Devi sababu zake zote alizimaliza mwaka ule ule wa harusi.

Ndipo yakaja mambo ya maji.

Hiti yetu, lile shimo la ngazi lenye midomo mitatu ya mawe ambako mtaa mzima ulikuwa ukioga, ukifua na kusengenyana, ilidhoofika kidogo kidogo wakati wa baridi. Joto la kabla ya mvua lilipofika, ilikuwa kavu kabisa, wamebaki njiwa tu kule chini. Tukawa watu wa kusubiri boza la maji na madumu mkononi, na boza lenyewe lilikuja lilipotaka. Wako waliosema miungu imetuchoka. Wako waliosema mvua za mwaka jana zilikuwa haba. Hera Devi hakukubali hili wala lile.

"Maji hayafi," aliniambia. "Yamepotea njia tu. Wifi, hebu weka sikio hapa."

Tulikuwa kwenye karakana ya kaka yangu, Bekha Ratna, ambaye ni mfua shaba. Nikalala kifudifudi, nikaweka sikio sakafuni. Nilisikia nyundo.

"Baba Rojina, acha kugonga kidogo," Hera Devi akamwambia.

"Nikiacha kugonga mtakula nini? Masikio?"

"Kidogo tu."

Akaacha, akajifuta jasho, akatutazama sisi wanawake wawili wazima tumelala chini kama watoto. Sikusikia kitu. Mwenzangu akasema anasikia, mbali sana, upande wa kaskazini. Akainuka, akatoka bila hata kupangusa vumbi kwenye sari.

Tangu siku hiyo akawa anaingia nyumba za watu. Anabisha hodi, anaomba radhi, anainama, anasikiliza sakafu, anahamia nyumba ya pili. Chakula kiliungua jikoni mara si haba. Mtaa nao ukapata pa kuchekea.

"Daktari wa sakafu huyo anakuja," alisema Gyani Maya, muuza mboga wa pale kwenye kona. "Vueni viatu mpimwe."

"Wewe nicheke tu, dada," Hera Devi akamjibu. "Siku maji yakirudi utakuwa wa kwanza kuoga, na unahitaji."

"Mimi naona hutafuti maji. Unachimba njia ya chini kwa chini uende kwa binti yako."

Watu wakaangua kicheko, na Hera Devi akacheka nao. Lakini jioni ile alisukuma sahani yake, akakaa dirishani akitazama paa la nyumba mpya ya Tirtha Man, baba mkwe wa Rojina.

Ikafika siku ya kusafisha visima, ambayo wazee wetu waliichagua kwa sababu siku hiyo nyoka walinzi wa maji huwa wametoka visimani. Siku hiyo hakuna anayekuuliza kwa nini unafunua mfuniko. Kaka alikuwa amekumbuka kwamba utotoni aliwaona wanaume wakishuka chini ya bamba la jiwe katika ua wa zamani wa watawa, juu kidogo ya hiti. Tukaenda na mtarimbo. Bamba lilikataa, likakataa, kisha likainuka kwa upande mmoja, na hewa ya baridi ikatupiga usoni.

Maji yalikuwepo. Yalikuwa yakipita kwenye mfereji wa vigae, safi, ya kutosha kufika kwenye kifundo cha mguu, yanakimbia kama yenye shughuli. Hera Devi aliingiza mkono hadi kwapani. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anafikiri.

"Hapa yapo, hitini hayapo," alisema. "Basi kuna mahali katikati yanatoka."

Alikuwa amekuja na mfuko wa ule unga mwekundu unaobaki baada ya siku ya kurushiana rangi. Akaumwaga wote. Maji yakawa kama juisi ya komamanga, yakaingia gizani. Sisi tukashuka mtaani, yeye mbele, mimi nyuma nahema, tukichungulia kila mtaro.

Yalitokea nje ya nyumba ya Tirtha Man. Tangu wakati wa baridi kulikuwa na bomba la mpira pale, linatoa maji kutoka chumba cha chini ya ardhi na kuyamwaga kwenye mtaro wa maji machafu. Wote tulikuwa tunaliruka kila siku. Tulidhani ni maji ya mafundi. Sasa lilikuwa linatapika wekundu.

Gyani Maya aliacha mizani yake, akaja kusimama karibu nasi. Wakaja wengine. Hakuna aliyepiga kelele. Juu, kwenye baraza, Rojina alikuwa anaanika nguo. Alitazama mtaro, akamtazama mama yake, akaingia ndani.

"Haya," Gyani Maya akasema kwa sauti ya chini, "twende tukagonge mlango wote pamoja."

"Nipeni nafasi niende mwenyewe," Hera Devi akasema. "Mwanangu analala mle."

Kesho yake akabeba chungu cha mtindi na pepeta za mpunga kama inavyopasa, akanichukua na mimi. Tirtha Man alitupokea vizuri. Ni mtu mnene, mpole, ambaye nyumba ile mpya, aliyoijenga ya kulaza wageni, ilikuwa imemkosesha usingizi. Alijua tumefuata nini. Akatuteremsha chini mwenyewe.

Pampu ilikuwa inanguruma hata tukaongea kwa kusogeleana masikio. Ukutani, katikati ya zege jipya, palikuwa na tundu lenye vipande vya vigae vya zamani, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka mle, bado yana rangi ya waridi.

"Walipochimba msingi walivunja kitu," alisema. "Nikaziba. Yakatokea pale. Nikaziba pale, yakatokea kule. Mkwe, nikizima hii mashine nguzo zangu zitakaa majini. Unataka nifanyeje?"

"Uyape njia yapite."

"Kupita wapi? Kupita ni kuvunja sakafu yote hii, na jiko la mke wangu."

Rojina alikuwa ameshuka na chai. Alisimama ngazini na sinia mkononi.

"Mama," alisema, "umekuja kuniona mimi au umekuja kuona maji?"

"Vyote viwili," Hera Devi akasema.

"Mara hii ndiyo umepata sababu." Rojina akaweka sinia kwenye mfuko wa saruji, akapanda juu. Chai ile hakuna aliyeinywa.

Siku zilizofuata wifi yangu alikuwa hakaliki. Akikaa na wanawake wa mtaa, wanamwambia amenunuliwa kwa mtindi wake mwenyewe. Akinyamaza, anajilaumu. Akifikiria kwenda kwa mkuu wa kata, anamwona Rojina peke yake, mumewe yuko kazini nchi za mbali, mbele ya mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameanza kusema kwamba msichana huyu aliingia na mkosi, maji ya kwao yamemfuata. Na Rojina akienda kununua mboga, Gyani Maya anampimia huku akimwita "bibi pampu". Msichana alibanwa huku na huku.

Basi siku moja wakwe walikwenda kwenye karamu ya jamaa yao, Rojina akabaki kulinda nyumba. Mchana mimi nilipita pale kwa bahati tu, na kitu kikanisimamisha. Ilinichukua muda kuelewa ni nini. Bomba la mpira lilikuwa limelala, halitoi kitu, na ule mngurumo haukuwepo.

Nikaita, nikashuka. Rojina alikuwa ameketi kwenye ngazi, miguu yake ndani ya maji. Mifuko ya saruji ilikuwa imeanza kuzama.

"Umeme umekatika?" nikamuuliza.

"Nimezima mimi, Shangazi."

"Washa, mwanangu. Watakuua."

"Watarudi, watakuta. Nitawaambia ni mimi. Usimwite Mama."

Sikumwita. Nilikaa naye. Maji yalipanda ngazi moja, tukahamia ya juu yake.

Walirudi jua likiwa bado juu. Mama mkwe alipoona, alikaa chini palepale mlangoni na sari yake ya karamu, akaanza kumhesabia Rojina makosa tangu siku ya harusi. Tirtha Man alivua viatu, akakunja suruali, akashuka mpaka maji yakamfika magotini. Akasimama hapo akisikiliza. Mimi nilishika mkono wa Rojina nikingoja kofi.

"Nyumba imekuwa kimya," alisema Tirtha Man. "Nilikuwa nimesahau inavyokuwa." Kisha akamgeukia Rojina. "Kamwite baba yako. Aje na nyundo kubwa, na wenzake wenye nafasi."

Walivunja sakafu, wakavunja na jiko. Kazi ilichukua mpaka mvua za kwanza, na mtaa ulichangia mikono, hata Gyani Maya akabeba kifusi. Wakalaza mabomba mapana kando ya msingi, wakayaunga na mfereji wa zamani upande wa pili. Maji yalirudi hitini kwenye mdomo mmoja, membamba kama kidole. Midomo miwili ilibaki mikavu, na mpaka leo hakuna ajuaye ni kwa nini.

Rojina alirudishwa kwetu. Mama mkwe alisema hawezi kupika nyumba moja naye, tena bila jiko. Kwa hiyo Hera Devi akawa na binti yake ndani ya nyumba, jambo alilolitamani, na bado hakutulia. Aliamka kumfunika, alimwuliza kama ana njaa, mpaka Rojina akamwambia, "Mama, kaa," naye akakaa, kwa muda mfupi.

Mama mkwe alikuja mwishoni mwa mvua, peke yake, na chungu cha mtindi. Hakupanda kwetu moja kwa moja. Alishuka kwanza hitini, akasubiri zamu nyuma ya wanawake wenye madumu, akaosha miguu yake taratibu. Kisha akasimama chini ya dirisha letu.

"Rojina," akaita, "maji yenu haya ni baridi mno. Funga mizigo yako, jiko limekwisha kujengwa."