Kikaratasi Kisicho na Kichwa

Mariette alikuwa jirani mwema siku zote, isipokuwa wiki ya mshahara. Jumamosi hiyo ya mwaka 2013 alisimama mlangoni kwa Eliane na kitenge kipya kiunoni.

"Bwana yangu Parfait kaleta elfu makumi munane na ine, mama Noella! Na anaanza tu kazi, hana hata mwezi. Weye wako kaleta ngapi?"

Eliane akajidai anamtengenezea mtoto titi. Mumewe Ulrich alikuwa na miaka mitatu katika kiwanda hicho hicho cha maziwa alikoingia Parfait, kule Ruti, mjini Mbarara, na kila baada ya wiki mbili alileta nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, shilingi elfu sabini na tatu na mia tano. Haikuzidi, haikupungua.

"Parfait anasema kuko binti, Natukunda," Mariette akaongeza, sauti chini. "Anamungojaka baba Noella ku mulango wa kiwanda, kila siku ya mushahara. Wa kucheka mingi."

Alipoondoka, Eliane alifua suruali ya mumewe kwa hasira mpaka mifuko ikageuka nje. Ndipo kikaanguka kikaratasi cha mshahara. Juu kilichanwa, kichwa hakipo; chini sabuni ilikuwa imekwisha kula mstari wa mwisho. Kilichobaki ni katikati: mshahara wa wiki mbili, 110,000, akiba ya uzee, asilimia tano, chakula cha mchana, siku kumi na moja, elfu moja moja.

Mwaka mmoja nyuma asingejua asilimia ni mnyama gani. Lakini mwalimu Appolinaire aliwafundisha jioni kanisani, wamama wenye watoto mgongoni, hesabu ya kugawa mia. Eliane akachukua kalamu. Tano kwa mia ya laki moja na kumi: 5,500. Chakula: 11,000. Inabaki 93,500. Akarudia mara tatu, akitamani akosee. Elfu ishirini zilikuwa zinalala njiani, na sasa alijua zinalala kwa nani.

Wiki mbili zile alikula chakula kama anatafuna mchanga. Ulrich akicheka, alijiuliza kicheko kile kakitoa wapi. Ijumaa ya mshahara ilipofika alimfunga Noella mgongoni, akapanda gari mpaka Mbarara, akasimama ng'ambo ya lango la kiwanda.

Binti alikuwepo. Mrembo kweli, na viatu vyake vilikuwa safi. Hilo ndilo lilimuuma Eliane kuliko yote. Ulrich akatoka, akahesabu noti, akazitia mkononi mwa binti.

Eliane akavuka barabara. "Bonjour, baba Noella."

Binti akamtazama Eliane juu mpaka chini. "Nyabo," akamwita kwa heshima ya kwao, "wewe ni nani?"

"Mimi ni bibi yake!"

"Bambi," binti akasema taratibu, kama anayemhurumia. "Kwa karatasi ya kiwanda, bibi yake ni mimi."

Eliane akamgeukia Ulrich. Ulrich akamshika mkono, maneno yakamtoka yote kwa mara moja. Alipokuja kutafuta kazi, kiwanda hakikuwa kikichukua wakimbizi. Jovan, mume wa Natukunda, alikuwa ameandikwa kazi, mara jeshi likamwita. Akamwachia Ulrich nafasi na jina, kwa elfu ishirini kila mshahara. Jina la Jovan ndilo alilokuwa akilichana juu ya karatasi.

"Na Parfait?"

"Yeye kaingia na jina lake, siku hizi wanakubali kadi ya mukimbizi. Nilimuomba afunge kinywa."

"Kafunga nusu."

"Nikibadilisha jina, nitaanza upya, Eliane. Laki moja tu. Nitashuka."

Eliane akatoa kalamu, akaandika kiganjani mwake, mtoto akimvuta shanga. Laki moja, toa elfu tano, toa elfu kumi na moja. Akamwinulia mkono usoni.

"Themanini na nne. Unashuka, na tunapata elfu kumi na mia tano zaidi. Twende."

Natukunda akajaribu kucheka, akamgeukia Ulrich kwa heshima. "Sebo, Jovan atakasirika."

"Aje afanye kazi yake," Eliane akajibu.

Ofisini msimamizi alikuna kichwa tu. Kumbe alijua siku zote. Akasukuma fomu. Ulrich alipofika penye jina la mke, kalamu ilisita, na Eliane akamnyang'anya, akajiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akakandamiza mpaka meza ikapata alama. Chini yake akaandika Noella.

Mshahara uliofuata, Ulrich alileta kikaratasi kizima, na kichwa chake. Eliane alikibandika ukutani Mariette akione. Lakini usiku ule, Ulrich akikoroma, alikuwa bado anahesabu: elfu tano na mia tano, mara ishirini na sita kwa mwaka, miaka mitatu. Laki nne na elfu ishirini na tisa. Akiba ya uzee, jasho la mumewe, imelala kwa jina la Jovan, ikimngoja mwanamke mwenye viatu safi azeeke.