Mstari wa Kupeana Mikono

Bomba liligonga ukutani, likatulia, kisha likaanza kuvuma. Ardith Penner akafumbua macho gizani, akatabasamu. Bomba lile hugonga hivyo pale tu mtu anapofungua maji kule chini, kwenye sinki la kufulia, na Jumapili alfajiri hakuna mtu anayefua. Rory alikuwa ameshaamka. Amevuta mpira wa maji, ameupitisha dirishani, anamwagilia uwanja wa barafu nyuma ya nyumba kama alivyokuwa akifanya zamani, alipokuwa kijana na hajaota ndevu.

Akavaa gauni lake zito, akaenda jikoni kuweka kahawa. Kupitia kioo alimwona chini ya taa ya uani, mvuke unampanda mpaka usoni. Alikuwa anamwaga kidogo kidogo, tabaka jembamba juu ya tabaka. Maji mengi kwa mpigo huganda juu tu na kuacha uvungu chini, na barafu ya uvungu huvunja watu miguu. Marehemu Abram, mume wa Ardith, ndiye aliyemfundisha.

Rory Halcrow hakuwa mtoto wake wa kuzaa. Kernsdale ni mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan, na timu yake ya vijana ya hoki ya barafuni huchukua wachezaji kutoka mbali, kwa hiyo watu wa mji huwalaza majumbani mwao, huwalisha, huwasimamia masomo. Ardith alilea wengi. Lakini Rory na mwenzake Dallas Merasty walikaa misimu mitatu katika chumba kile cha chini, wakila kama mafahali na kugombania bafu, na hata walipoajiriwa waliajiriwa na timu moja kubwa ya mjini, Korongo. Wakakua pamoja, wakaoa, wakasimamiana harusini.

Na sasa hawakuwa wakisemeshana.

Ligi ndiyo iliyoharibu. Wamiliki wa timu walitaka mishahara iwekewe kikomo, wachezaji wakakataa, wamiliki wakafunga milango ya viwanja tangu vuli. Watu walisema Krismasi haitapita kabla hawajapatana. Ikapita. Februari ikaingia, na wiki ile ile msimu mzima ukafutwa, hata mchezo mmoja haukuchezwa. Dallas ndiye aliyekuwa mwakilishi wa chama cha wachezaji katika Korongo. Rory, ambaye goti lake la kushoto lilishakwisha na alijua huo ndio msimu wake wa mwisho, alikuwa amekwenda redioni vuli ile ile akasema angekuwa yeye mwamuzi wangekuwa uwanjani, na kwamba wanaowaongoza wana miaka mingi ya kusubiri, yeye hana. Tangu siku hiyo Dallas hakupokea simu yake.

Rory alikuwa ameuza nyumba. Kesho yake angeondoka na mkewe kwenda New Brunswick, kwa wakwe zake, upande wa pili kabisa wa nchi. Alipita Kernsdale kumuaga Mama, kama vijana wale walivyomwita Ardith. Ardith alijua wanaume wake. Wakiachana hivi, wakawekeana nchi nzima katikati, hawatapigiana simu tena. Kila mmoja atamngoja mwenzake mpaka wazikwe.

Kwa hiyo alikuwa amempigia Dallas Ijumaa, akamwambia tu aje Jumapili kwenye mchezo wa uani. Hakumwambia nani mwingine atakuwepo. Hakuona kwamba amedanganya. Hakuulizwa.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Rory akaingia na baridi yake, nyusi nyeupe kwa barafu.

"Nimekuamsha, Mama?"

"Bomba limeniamsha. Wewe kaa unywe kahawa. Goti linasemaje?"

"Linasema niliuze na lenyewe."

Akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Ardith akamkatia mkate, akaupaka siagi mpaka pembeni, vile anavyopenda.

Baada ya ibada majirani walianza kukusanyika uani na viatu vyao vya kutelezea barafuni vikining'inia shingoni. Kila Februari, Jumapili moja, wale waliowahi kulala katika nyumba za mji hurudi kucheza pamoja na wenyeji kwenye barafu ya akina Penner. Rory na Dallas hawakuwahi kuja tangu wawe wachezaji wa kulipwa, maana Februari ligi huwa moto. Mwaka huu ligi ilikuwa baridi kuliko uwanja. Ardith aliwaza hilo akaona kuna jambo lilifungwa na jambo likafunguka, na yeye si mtu wa kuliacha lililofunguka lipite hivi hivi.

Alikuwa bado jikoni anapika vereniki, vile vibunda vya unga vilivyojazwa jibini laini, gari la Dallas lilipoingia. Akamwona akisimama, akiitazama pikapu ya Rory, kisha taa za kurudi nyuma zikawaka.

Ardith akatoka na ndala zake katika theluji.

"Zima gari," alisema.

Dallas akateremsha kioo. "Mama, hukuniambia kama yupo."

"Ningekuambia ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi nilifanya vizuri. Zima gari, mwanangu, miguu yangu inaganda."

Dallas akaitazama miguu ya Mama, ndala na theluji, akaguna. Akazima. Kisha, kabla hajasema neno jingine, akashuka, akavua koti lake, akalitandika chini ili Mama asimame juu yake, ndipo akaanza kutoa mfuko wake wa vifaa. Ardith aliliona, akaliweka moyoni.

Uani Gus Friesen alikuwa ameshaanza maneno. Gus ndiye aliyekuwa anaendesha mashine ya kulainisha barafu katika uwanja wa mji, mzee wa umri wa Ardith, mdomo haujui kupumzika.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Wachezaji wa kulipwa wawili, na hakuna anayewalipa! Hesabuni na magoti yao manne, mnapata matatu mazima."

"Mzee Gus, wewe una hata moja?" Dallas akamjibu.

"Mimi nina ya chuma. Hayaendi redioni."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla kwa sababu Rory alikuwa amesimama pale pale. Rory akainama kufunga kamba za viatu. Dallas akatazama mashamba.

Wakasafisha theluji kwanza, maana pale anayetaka kucheza lazima ashike koleo, hata awe nani. Mabuti mawili yakawekwa huku na mawili kule kuwa magoli. Kisha kila mtu akalitupa gongo lake la kuchezea katikati ya barafu, rundo moja.

Timu hugawanywa hivi: mmoja hupiga magoti mbele ya rundo, kofia imeshushwa machoni, akatupa gongo moja kulia, moja kushoto, mpaka yaishe. Ulikotupiwa gongo lako ndiko uliko, hakuna kulalamika. Tangu Abram afe kazi hiyo ilikuwa ya Ardith.

Rafiki yake Lorna Doerksen akamshika mkono kumwongoza kwenye barafu. "Watie pamoja," alimnong'oneza. "Hata kama utachungulia, nani atakusema? Wacheze upande mmoja, watapatana."

"Nishushie kofia," Ardith alisema.

Alipiga magoti. Hakuhitaji kuchungulia. Alinunua utepe wa magongo yale kwa misimu mitatu, akawatazama wakiufunga mezani kwake mpaka akajua kila mmoja anavyofunga. Rory hufunga mpini kwa kipande kinene, kama ngumi ya mtoto. Dallas hufunga kidogo mno, kisha huusokota utepe kama kamba ili mkono usiteleze. Watu hubadilisha timu, nyumba, hata dini, lakini mkono hubaki na mazoea yake.

Akatupa kulia, kushoto, kulia. Akalishika la Rory, likaenda kulia. Akapapasa, akalipata la Dallas, akalitupa kushoto.

Watu wote wakamgeukia.

"Ardith," Gus akasema, "mikono yako imezeeka."

"Mikono yangu mizima," alijibu, akavua kofia. "Chezeni."

Lorna alimtazama kama anayemtazama mtu aliyemwaga maziwa. Ardith akaketi kwenye benchi, blanketi magotini, akatazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha tia mkate katika jiko.

Mwanzoni walicheza kama wageni. Dallas akipata kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira alimpasia mtu upesi ili asikutane na Rory. Rory, beki siku zote, alibaki nyuma akiongoza kwa sauti kila mtu isipokuwa mmoja. Kisha Gus, kwa ukorofi au kwa wema, akakipiga kisahani mbele, Dallas akajikuta yuko peke yake naye Rory tu mbele yake.

Kila mchezaji wa ligi alijua pa kumpita Rory. Ni kushoto, upande wa goti bovu. Dallas akaja kwa kasi, akainamia huko, na dakika ya mwisho akageuka akajaribu kupita upande wa goti zima. Rory akakichukua kisahani bila jasho.

Ardith akashusha pumzi. Aliuona wema ule. Rory naye aliuona, akasimama barafuni mwekundu kama nyanya.

"Usinihurumie!" alifoka. "Unasikia, Merasty? Nimezeeka, sijafa!"

Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu vuli.

"Ungeumia, mpumbavu wewe," Dallas akamjibu.

"Goti ni langu!"

"Haya!"

Mara iliyofuata Dallas alikuja upande wa kushoto, moja kwa moja, kama angekuja dhidi ya adui yeyote. Rory akageuka, goti likakataa, akaanguka kwa makalio, kisahani kikapita katikati ya mabuti. Watu wakashika vinywa. Rory akabaki amekaa chini, akamtazama Dallas, kisha akaanza kucheka, na safari hii kicheko kilitoka tumboni.

"Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo."

Wakacheza mpaka vidole vikafa ganzi na Lorna akaanza kupiga kelele kwamba soseji zinaungua. Hakuna aliyekumbuka magoli. Kisha, bila mtu kuamuru, watu wakajipanga mistari miwili, wakavua glavu.

Hapo ndipo Lorna alipogeuka kumtazama Ardith, mdomo wazi.

Watu wa timu moja hawapeani mikono mwisho wa mchezo. Hupeana vibao vya mabegani, wakaenda zao kula. Wanaopita mstarini wakishikana mikono mmoja mmoja, wakitazamana machoni, ni wale waliopambana. Unaweza kuwa umevunjwa jino, unaweza kuwa umetukaniwa mama, lakini mstari hauukwepi. Tangu watoto wadogo wanafundishwa hivyo, na Ardith hakuwahi kumwona hata mmoja, mtoto wala mzee, akiuacha mkono wa mwenzake hewani.

Mistari ikasogea. "Mchezo mzuri. Mchezo mzuri." Rory akafika mbele ya Dallas. Mikono ikashikana.

Ikatakiwa kuachiana. Haikuachiana.

"Binti yangu walimzomea shuleni," Dallas akasema kwa sauti ya chini. "Baada ya maneno yako. Wakamwambia baba yake ndiye aliyewaibia hoki. Alirudi akalia."

Rory akapauka. "Sikujua habari ya mtoto."

"Hukuuliza."

"Nilikupigia."

"Sikupokea. Najua. Kile kikomo tulichokikataa, ningekikataa tena kesho."

"Na mimi ningesema tena kwamba tungecheza. Lakini nisingekutaja. Nisingesema wanaotuongoza. Ningesema mimi tu, na goti langu. Mtoto nitamwomba radhi mwenyewe."

"Msimu wako wa mwisho," Dallas akasema. "Nilikuwa nikiingia kwenye vile vikao nikiuwaza. Kila kikao. Nilitaka niurudishe, Rory. Sikuweza."

Nyuma yao mstari mzima ulikuwa umesimama. Gus, ambaye zamu yake ilikuwa imezibwa, alikunja shingo.

"Jamani," alisema, "mimi nina miaka sabini na sita na sina glavu. Busianeni au mwachiane."

Wakaachiana huku wanacheka na kufuta pua, na mstari ukaendelea. Lorna akaja kukaa benchini.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua wamelelewa wapi," Ardith akajibu.

Walikula mpaka meza ikawa tupu: vereniki na mchuzi wa krimu, soseji, kabichi. Walibishana juu ya mishahara na wamiliki, kwa sauti, mmoja akigonga meza kwa uma, na Ardith akawaacha. Alikuwa akiangalia mambo mengine. Dallas alikuwa amevuta kiti cha ziada chini ya meza, mguu mbovu wa Rory umepumzishwa juu yake, na wala hakuna aliyelitaja.

Giza lilipoanza kuingia Rory akainuka. Safari ilikuwa ndefu na mkewe alikuwa akimngoja. Akamkumbatia Mama muda mrefu, mpaka akamwinua kidogo kutoka sakafuni, naye Ardith akampa bakuli la vereniki lililofungwa kitambaa, akamwambia amsalimie mkewe na asiendeshe kwa haraka.

Dallas akamsindikiza mpaka kwenye pikapu, akakwangua barafu kwenye kioo chake cha mbele wakati injini inapata moto. Ardith aliwatazama kutoka mlangoni, mikono ndani ya aproni. Rory akaingia, akafunga mlango, kisha akateremsha kioo.

"Zamani ulikuwa unakuja kwangu kila kiangazi," alisema. "Sasa itakuwa mbali zaidi. Kuna bahari, kuna kamba wakubwa, mama mkwe ana chumba cha wageni. Mlete na binti, nimwombe radhi uso kwa uso. Usije na maneno ya chama." Akafikiri. "Au njoo nayo, tubishane. Ila uje, Dallas. Uje tena kwangu kama zamani."