Mwaka wa Kumi wa Fungua Boneti

Kipindi cha Fungua Boneti kilianzia kwenye banda la mabati nyuma ya kituo cha televisheni, kwa kamera moja, taa mbili, na watangazaji wawili wasiojua hata kubadilisha tairi. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo. Mmoja tulimwita Profesa, kwa ajili ya miwani. Mwingine tulimwita Bwana Gia, kwa ajili ya mdomo wake usio na breki. Fundi nilikuwa mimi, mama wa watoto wawili mwenye stashahada ya ufundi wa magari.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Asubuhi nakagua gari, naandika ugonjwa na dawa yake kwenye karatasi, naibandika ndani ya boneti mahali kamera isipofika. Watangazaji wanaisoma huku wamekunja uso, utadhani wanafikiri. Ikifika zamu ya spana, kamera inasogea karibu, na mikono inayoonekana ni yangu, imevaa glavu. Watazamaji walimsifu sana Bwana Gia kwa mikono yake myepesi. Binti yangu naye hakuacha kunitania.

"Mama, leo umetokea mpaka kwenye kiwiko. Hongera!"

Mwaka wa kumi Profesa akastaafu. Kiti kikawa wazi, nikakiomba kwa barua. Mkurugenzi aliisoma mbele yangu, akaikunja.

"Dada, wewe ni fundi mzuri, sikatai. Lakini Jumamosi watu wanataka kucheka. Nimempata mchekeshaji wa redio. Tutamjaribu kwenye kipindi cha miaka kumi. Akifanya vizuri, jioni hiyohiyo nasaini mkataba wake."

"Na akiulizwa habari za injini?"

"Si utamwandikia karatasi?"

Sikulia. Nilikuwa na magari mawili ya kuandaa: saluni ya petroli, kisha pikapu ya dizeli. Saluni plagi zake zilikuwa zimechafuka. Pikapu ilikaa uwanjani mpaka tanki likakauka, na ilipotiwa mafuta haikukubali kuwaka.

Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa tunarusha moja kwa moja, kitu ambacho hatukuwahi kufanya. Mchekeshaji alisema haoni maandishi ndani ya boneti, kwa hiyo msimamizi wa kipindi akazihamishia karatasi zangu kwenye ubao nyuma ya kamera, ya saluni juu, ya pikapu chini. Dakika ya mwisho akaona pikapu inapendeza zaidi karibu na maua ya sherehe, akaamuru itangulie. Ubao hakuna aliyeukumbuka.

Bwana Gia akafungua boneti ya pikapu, akakunja uso, akasoma.

"Ndugu mtazamaji, hapa tatizo ni plagi. Tunazitoa zote nne, tunazisafisha, cheche zinarudi."

"Hata mimi kila asubuhi nahitaji kusafishwa plagi!" mchekeshaji akadakia.

Simu ya kwanza ya watazamaji ikaingia. Alikuwa dereva wa lori.

"Bwana Gia, hiyo si dizeli? Dizeli haiwaki kwa cheche; hizo unazitafutia wapi, kaka?"

Bwana Gia akatazama ubao. Mchekeshaji akamtazama Bwana Gia. Msimamizi akaanza kupekua karatasi. Ningeweza kumwonyesha iliyo sahihi. Niliiona kutoka pale niliposimama. Sikumwonyesha. Nilichukua spana namba kumi na saba, nikaingia mbele ya kamera na ovaroli langu.

"Mama, rudi," Bwana Gia akanong'ona. "Tuko hewani!"

"Hata dizeli yako ina hewa. Sogea."

Nikamgeukia mpiga kamera. "Njoo karibu, ila safari hii chukua na uso."

Nikawaeleza watazamaji kama ninavyomweleza jirani. Tanki likikauka kabisa, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta, na dizeli ikimeza hewa haiwaki hata uisukume mpaka kesho. Nikalegeza nati ya bomba, nikapampu kwa mkono. Povu likatoka likichemka. Nikaendelea mpaka yakaja mafuta matupu, nikakaza nati.

"Bwana Gia, piga stata."

Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi, ikakohoa tena. Kisha ikanguruma mpaka maua yakatikisika. Wapiga kamera, ambao hawaruhusiwi hata kupiga chafya, wakashangilia.

Bwana Gia akashuka, akanishika bega.

"Ndugu zangu, nisiwadanganye tena. Mikono mliyokuwa mkiisifu ni ya huyu mama. Mimi hata glavu zake hazinienei."

Mpaka mwisho wa kipindi simu hazikukatika, na kila aliyepiga alisema, "Nipeni yule mama." Nilijibu maswali kumi na moja bila karatasi.

Mkurugenzi alishuka ngazi mbilimbili. Mchekeshaji akamwahi.

"Bosi, nirudishe redioni. Huku watu wanauliza maswali ya kweli."

Mkurugenzi akanigeukia. "Jumamosi ijayo, kiti ni chako."

"Na jina langu mwanzoni mwa kipindi, sawa na la Gia."

"Sawa."

"Sema kwa sauti, wote wasikie."

Akasema. Mpambaji naye akaja mbio na kope za bandia, nikamwambia ambandike Bwana Gia. Kisha nikaenda kukikalia kile kiti, na ovaroli langu lenye mafuta. Kilinitosha.