Mgongo wa Miwa

Kwetu Musanda mtu akiumwa na mgongo haulizi kwa nini. Ni miwa. Umeinama na panga miaka ishirini, unataka mgongo uwe wa bibi arusi? Basi mama alipoanza kulalamika, sote tulimjibu hivyo, na mimi nikiwa wa kwanza. Yeye mwenyewe alicheka. "Huu ni mgongo wa miwa," alisema. "Unaumanga tu, utatulia."

Kila nilipotoka chuoni Kakamega kwenda nyumbani, nilimkanda. Nilichovya kitambaa kwenye maji moto yenye chumvi, nikaanzia mabegani kushuka. Katikati ya mgongo palikuwa na kinundu kigumu, kimechongoka. Nikipagusa anaruka. "Aka! Polepole, Gentrix, hiyo si ngoma!" Nami nikamtania kwamba anaota nundu kama fahali wa kupiganishwa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu.

Mwaka wa tatu nikachukua kozi ya magonjwa na majeraha katika mifupa ya kale. Wenzangu walinicheka, eti nimekuja chuo kikuu kusomea wafu. Mwalimu wetu, Daktari Kemunto, ni mwanamke mfupi asiye na mzaha. Hakuturuhusu kutazama mfupa kabla ya kuushika. "Fumbeni macho," alikuwa akisema. "Macho hujifanya yanajua. Vidole havina kiburi."

Jumanne moja alinitia mkononi nakala ya plasta ya uti wa mgongo wa mwanamke aliyezikwa zamani sana, miaka elfu mbili na zaidi. Nikapapasa kutoka juu, pingili baada ya pingili, hadi vidole vikafika mahali vilipopajua. Kinundu. Kigumu, kimechongoka. Nusura niseme, pole mama.

"Umepata nini?" Daktari akauliza.

"Pingili mbili zimelika upande wa mbele, zikabonyea. Mgongo umekunjika."

"Vizuri. Hicho ni kifua kikuu kilichoingia mgongoni. Huenda huyu hakukohoa hata siku moja. Siku hizi ni vidonge tu, mtu anapona. Lakini akicheleweshwa, miguu inaweza kufa ghafla."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia, maana niliandika daftarini nikapiga mstari chini yake.

Sasa sikilizeni ujinga wa msomi. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kwenda Musanda, kumbembeleza mama aende hospitali, foleni, picha, majibu, hiyo ni wiki nzima imeliwa. Na nikipiga simu, kaka yangu Wanzala atanitaka nyumbani siku hiyo hiyo. Nikajiambia, ameumwa mwaka mzima, wiki tatu ni nini? Nikafunga mdomo, nikasoma.

Mtihani ulikuja Ijumaa. Swali la nne lilisema: eleza dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nilieleza kinundu, maumivu yasiyotulizwa na usingizi, jasho, mwili kukonda. Yote niliyatoa kwa mama. Nilijaza kurasa tatu.

Kesho yake nilifika nyumbani. Mama alikuwa mkekani mlangoni, ameegemea ukuta. Hakuinuka kunipokea.

"Karibu, mwanangu. Leo hakuna kuku, sijakupikia ingokho. Miguu imekataa tangu Jumatano."

"Jumatano! Na hamkunipigia simu?"

"Wanzala alitaka, nikamkataza. Nilimwambia, mwacheni, ana mtihani."

Nilikaa chini pale pale nikalia kwa sauti, na mama akanibembeleza, akidhani nalilia miguu tu.

Hospitalini daktari aliitazama picha kwa muda mrefu. Alisema vidonge vitaua ugonjwa, ila miguu hawezi kuahidi. "Mngemleta hata wiki tatu zilizopita," akasema, kisha akaandika dawa.

Hiyo ni miezi minne sasa. Miguu bado. Juzi karatasi ya mtihani ilirudishwa, na swali la nne nimepata ishirini na nne kwa ishirini na tano. Daktari Kemunto ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umeeleza kama mtu aliyemshika mgonjwa." Wanzala akaitangazia nyumba nzima. Mama akafurahi, akataka nimsomee hilo jibu kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Nikamsomea. Alisikiliza akitikisa kichwa, kinundu, jasho, kukonda, mpaka kichwa kikaacha kutikisika.

"Haya ulifundishwa lini, Gentrix?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimedanganya vya kutosha kwa kunyamaza.

"Wiki tatu kabla ya mtihani, mama."

Akaivuta leso juu ya magoti yake, akainyoosha vizuri, kisha akanigeuzia mgongo.

"Chemsha maji," akasema. "Uje unikande."