Harufu ya Udi Kwenye Chai

Magunia ya chai ya msimu wa baridi yalikuwa yameshapakiwa kwenye lori dogo, na mume wangu Bing-tek alikuwa ameliegesha lori pua ikitazama mteremko wa kwenda mjini. Ilibaki kuonja tu. Chai kidogo aliyoichoma Sok-tin kwa majaribio ikimridhisha Bing-tek, magunia yangeshushwa na Sok-tin angeichoma chai yote taratibu kwa joto la mkaa, kwenye mashimo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Isipomridhisha, chai ingekwenda kwenye oveni ya umeme, na mashimo yangefukiwa kwa saruji tupate pa kuegesha lori.

Sok-tin ni mjane wa mdogo wake Bing-tek. Ana miaka hamsini na nane, na tangu masika alikuwa akisoma jioni darasa la kuchoma chai pale chama cha wakulima, pamoja na vijana waliotoboa masikio. Bing-tek humwita Mwanafunzi. Akimkuta anaosha mboga, humuuliza kama hiyo nayo ni kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu.

Jambo lililomfurahisha zaidi Bing-tek lilikuwa la udi. Sok-tin ni mtu wa sala. Kila asubuhi huwasha udi mbele ya picha ya mumewe kabla hata ya kunywa maji. Lakini chai hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo, na chumba cha wahenga, ilipo picha hiyo, kimepakana na chumba cha mkaa. Basi tangu siku alipofunika makaa ya longani, mti wa matunda matamu, kwa majivu na kuweka tenga lake la kwanza juu ya shimo, hakuwasha udi tena. Alifumba macho, akasali mikono mitupu. Chai ilipokwisha kuchomwa, ikakaa mwezi mzima ili ukali wa moto uitoke, naye akaendelea hivyo hivyo.

"Mdogo wangu huko aliko atakuwa amekonda," Bing-tek alimwambia. "Hata harufu humpi."

"Alikuwa mnene, Kaka. Mwache apungue."

Siku ya kuonja, Bing-tek alitoka kabla ya uji, akaniambia anakwenda kutazama bomba la maji shambani. Alirudi, akaketi mezani bila kusubiri kukaribishwa. Sok-tin alipanga mabakuli matatu meupe, la kila mtu na kijiko chake, akatia chai yake, akamimina maji yanayochemka. Mimi niliitwa kuwa wa tatu. Bing-tek anasema nina ulimi mzuri, ila nautumia kwa maneno.

Bing-tek alichovya kijiko, akakiinua puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akakiweka chini taratibu.

"Mwanafunzi," alisema, "hii ni chai au ni hekalu?"

Sok-tin hakuelewa. Bing-tek akamwambia kuna udi humo, tena udi mwingi. Nilimwona Sok-tin akibadilika rangi. Aliapa hakuwasha hata kijiti kimoja, kisha sauti ikampungua, akasema labda ni tenga, labda mianzi ilikuwa imeshika harufu ya miaka ya nyuma. Mikono aliificha chini ya meza, midomo ikawa inatikisika kidogo, nami nikajua anasali.

Nikanusa kijiko changu. Mkaa mtamu, ganda la longani, kwa mbali maua. Udi hakuna. Nikamwomba Bing-tek tubadilishane mabakuli na vijiko. Nikanusa lake: mkaa, longani, maua. Yeye akanusa langu, akakunja uso.

"Na hili lina udi," alisema.

"Basi udi unakufuata wewe," nikamwambia. "Lete mkono."

Akataka kuuficha. Nilimkamata kifundo, nikazinusa zile ncha za vidole zilizokuwa zimeshika kijiko karibu kabisa na pua yake.

"Bomba la maji siku hizi linawashiwa udi?"

Alitazama ukutani. Kwa Babu wa Ardhi, mungu wa shamba anayewashiwa udi, pale kibandani kwake kwenye kona ya shamba, mume wangu huenda mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, basi. Siku ile haikuwa hii wala ile. Sok-tin aliuliza polepole alikwenda kuomba nini.

"Mvua."

"Jana imenyesha kutwa, Kaka."

"Nilikwenda kushukuru."

Sok-tin alimsukumia majani ya chai yaliyolowa, maana sabuni nayo inanuka. Bing-tek akajisugua vidole kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Kisha akachovya kijiko, akanusa, akavuta chai mdomoni kwa kishindo. Akalimaliza bakuli. Akalimaliza na langu.

"Moto bado haujatoka wote," alisema, akainuka, akaenda nje.

Tulisikia lori likiwaka. Sok-tin aliishika birika asiimimine. Halafu likaanza kulia pi, pi, pi, kama linavyolia likirudi nyuma, na sauti ikaja hadi mlangoni pa chumba cha mkaa.

Bing-tek alipokuwa akishusha gunia la kwanza, Sok-tin alimwomba angoje kidogo. Kwa kuwa mfungo wa udi ulikuwa unaanza upya, alitaka amwashie mumewe kijiti kimoja tu kwanza.

"Usiguse," Bing-tek alisema. "Udi niachie mimi. Mikono yangu imeshanuka tayari."