Mguu wa Kanga Uliogeuka

Mimi Advera nina steshenari Isevya, na nina maradhi mawili ambayo mtaa mzima unayajua: hasira za karibu na kutaka kujua. Ya kwanza yamenifukuzia wateja. Ya pili ndiyo yaliyonifanya nijifunze kuandika programu za kompyuta, peke yangu, kwa video za kwenye simu, wakati wenzangu wakitazama harusi za watu.

Sababu yenyewe ilikuwa uchovu. Siku hizi maombi ya kila kitu yanapitia mtandaoni, na mitandao hiyo inataka nyaraka zote ziwe faili moja la PDF. Watu wananiletea picha thelathini kwenye simu, nami nilikuwa nazibandika moja moja mpaka shingo inakakamaa. Nikajiuliza kama mashine haiwezi kuzishona yenyewe. Ilinichukua wiki tatu kuandika mistari kumi na mmoja. Programu yangu inafungua picha, inaandika jina chini yake, inaigeuza kuwa ukurasa, kisha inaunganisha kurasa zote. Siku ilipofanya kazi nilimwita jirani yangu Murtaza, muuza vitambaa, aje aone. Akatazama, akauliza kama ni hiyo tu. Sikumsemesha mpaka Jumamosi.

Kwa hiyo mzee Octavian, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki wa Usinge, alipokuja na memori kadi yake, alinikuta na kiburi changu. Kikundi chake kilikuwa kinaomba kibali cha kuendelea kutundika mizinga msituni. Ofisi ilitaka alama ya kila mwanachama, ile inayochongwa kwenye gome la mzinga, zote kwenye faili moja, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo, mzinga ambao alama yake haimo kwenye orodha unahesabika hauna mwenyewe. Picha zilikuwa kumi na nne, zimepigwa na mtu mmoja mwenye simu nzuri. Octavian alinitajia majina kwa mpangilio, nikayaandika, nikabonyeza. Sekunde mbili. Nikamchapia nakala ya karatasi akawasainishe watu wake kabla faili halijatumwa, na alipouliza kama nimehakikisha, nilimjibu kwamba kompyuta haikosei.

Alhamisi asubuhi nikiwa nafagia mlangoni, aliingia mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitenge chake kimejaa vumbi la safari. Aliniambia anaitwa Minza, anatoka Usinge, na anataka kuona picha ya alama yake ndani ya mashine. Karatasi alikuwa ameshaiona, na akaiweka mezani. Ukurasa wa tisa ulikuwa na jina lake, na juu yake mguu wa kanga umechongwa, vidole vitatu vinatazama juu.

“Huu si mguu wangu,” alisema. “Huu ni wa kaka yangu Damas.”

Nilitaka kumjibu kwamba mguu wa kanga ni mguu wa kanga, lakini yale maradhi ya pili yalinishinda. Nikavuta kiti, nikamwambia anieleze.

Baba yao, marehemu mzee Mhoja, alikuwa akichonga mguu wa kanga kwenye mizinga yake, vidole juu. Kwao mwenye alama akifariki, mtoto wa kwanza huirithi kama ilivyo, na mdogo wake huichukua hiyohiyo akaigeuza. Ukoo unabaki mmoja, lakini kila mtu anajulikana. Damas akachukua vidole juu. Minza akachukua vidole vinavyotazama kulia, upande wa tundu wanakoingilia nyuki. Mzinga wenyewe hulala juu ya mti, kwa hiyo mtu akisimama chini tu anajua ni wa nani. Baba alimwachia mizinga ishirini na minane, na ndiyo iliyowasomesha watoto wa Minza.

Sasa karatasi ilipofika kwenye mkutano Jumanne, ukurasa wa Damas na ukurasa wa Minza zilionyesha alama moja. Octavian alisema watu wawili hawawezi kupeleka alama moja, na ikibidi libaki jina moja litakuwa la mkubwa. Aliyepiga picha zote alikuwa Damas mwenyewe. Minza alisimama mbele ya wanachama wote akamwita mwizi. Alisema kaka yake amepiga picha mzinga wake mwenyewe mara mbili ili ile ishirini na minane iwe yake. Damas alichukua kofia yake akatoka.

“Tangu siku hiyo sijamwamkia,” Minza alisema. “Tunapishana njiani kama mawe.”

Kwa kawaida ndugu wakigombana mimi huchukua jembe nikalime. Lakini faili la picha lilikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Nikalifungua, nikatafuta picha ya tisa.

Mguu wa kanga ulitokea kwenye kioo, vidole vikitazama kulia.

Minza alisogea mpaka pumzi yake ikawa shingoni mwangu. Nikafungua PDF, ukurasa wa tisa: vidole juu. Nikarudi kwenye picha: vidole kulia. Mpasuko wa gome ulikuwa uleule, na tone la nta pembeni lilikuwa lilelile. Mzinga ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa Minza. Ulikuwa umegeuka mahali fulani kati ya picha na ukurasa, na hapo katikati hapakuwa na mtu mwingine ila mistari yangu kumi na mmoja.

Nasema kweli, wazo la kwanza halikuwa jema. Nilifikiri kuugeuza kimyakimya, nimchapie karatasi mpya, niseme printa ilikuwa na matatizo. Lakini nilishindwa kutulia bila kujua kwa nini. Kurasa nyingine mbona zilikuwa sawa? Nikazilinganisha moja moja. Nane zilikuwa zimegeuka pia. Hakuna aliyeona kwa sababu msalaba ukiulaza bado ni msalaba, na duara likilala ni duara. Kati ya watu kumi na wanne, ni Minza tu ambaye alama yake ikigeuka inakuwa ya mtu mwingine.

Nikachukua simu yangu nikapiga picha kikombe changu cha chai, mara moja simu ikiwa imelazwa kwa ubavu, mara ya pili ikiwa imesimama wima. Nikazipitisha zote mbili kwenye programu. Kikombe cha kwanza kilitoka kimekaa vizuri. Cha pili kilitoka kimelala ubavu. Nikacheka peke yangu kwa furaha ya kukamata kitu, kisha nikakumbuka nani amekaa nyuma yangu, nikaona aibu.

Ikanichukua saa nzima ya kusoma kuelewa. Ukiisimamisha simu wima ukapiga, simu haijisumbui kuisimamisha picha. Inaihifadhi imelala, halafu inaficha ndani ya faili maelezo mafupi: hii igeuzwe ikionyeshwa. Kioo cha simu kinayasoma maelezo hayo, na cha kompyuta pia. Programu yangu haikuwa imeambiwa kwamba kuna kitu cha kusoma. Nikaongeza mstari mmoja, wa kumi na mbili, unaosoma maelezo hayo kwanza. Nikabonyeza. Ukurasa wa tisa ulitoka vidole vikitazama kulia.

Mficha uchi hazai. Nikageuka nikamwambia kwamba kosa ni langu, kwamba nilimwambia mwenyekiti kompyuta haikosei wakati sikuwa nimefungua ukurasa hata mmoja kuulinganisha, na kwamba kaka yake hakufanya chochote. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Minza alikuwa anatazama kioo.

“Hakunigeuza,” alisema polepole.

“Hakukugeuza. Ni mimi.”

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini bado kitu kimoja kilikuwa kinaniwasha. Mzinga wa Damas ulipigwa picha simu ikiwa imelazwa, wa Minza ikiwa wima. Kwa nini mtu yuleyule, asubuhi ileile, ashike simu kwa namna mbili? Nikamuuliza Minza, hakujua. Nikamwomba namba ya kaka yake. Alisita, kisha akaitaja kwa kichwa. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikamnong'oneza kwamba asiseme neno kama hataki.

Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamwomba radhi na kumweleza kosa lilivyotokea. Alisikiliza bila kunikatiza. Alishukuru. Kisha nikamuuliza kuhusu simu.

Alijibu kama mtu anayekumbuka jambo dogo. Akasema mzinga wake aliushusha chini kwa sababu ulikuwa mtupu, akaupiga picha kwa mikono miwili kwa raha zake.

“Ule wa mdogo wangu ulikuwa na nyuki, wana watoto,” alisema. “Ukiushusha wanahama. Nikapanda alfajiri, bado wazito kwa baridi. Mkono mmoja umeshika tawi, wa pili ndio unapiga picha. Ningeilazaje simu kwa mkono mmoja?”

Nikamuuliza kama waliuma. Alisema waliuma kidogo tu, jicho lilivimba siku mbili. Nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo kwenye mkutano. Badala yake aliniuliza kama karatasi mpya zitawahi Ijumaa, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikurudia swali.

Minza alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuja kuniambia baadaye, wakati karatasi mpya zinatoka kwenye printa, kwamba lile jicho aliliona siku ileile ya mkutano. Alidhani ni pombe. Lakini wakati ule alinyoosha mkono, akaisogeza simu yangu karibu naye juu ya meza, na akainama kama anavyoinama mdogo mbele ya mkubwa wake, ingawa Usinge ni mbali na hakuna aliyekuwa anamwona ila mimi.

“Shikamoo, kaka.”

Simu ilikwaruza, nikadhani salio limekwisha. Kisha tukasikia mtu anakohoa, na mlango unafungwa, kama vile alikuwa anatafuta mahali pa kusimama peke yake.

“Marahaba, Minza,” alisema. “Umekula lakini, tangu asubuhi?”